"Kami" na "tayo": kwa nini Kifilipino kina "sisi" mbili

"Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja hapa Doha, na wenzangu wengi ni Wafilipino. Lugha yao nimeiokota kwa kusikiliza tu, na sasa nazungumza kidogo. Juzi ilipofika saa ya chakula niliwaambia wenzangu watatu 'Kakain na kami', nikijua nasema 'twendeni tukale'. Wakanitazama, mmoja akasema 'sige', wakaendelea kukunja mashuka. Nikala peke yangu. Baadaye dada mmoja, ambaye ni rafiki yangu sana, akaniambia ningesema 'tayo', maana 'kami' inawaacha wao nje. Kamusi ya kwenye simu inasema yote mawili ni 'sisi'. Mwingine kaniambia kami ni ya watu wachache na tayo ni ya watu wengi, mwingine tena akasema kami ni ya Wafilipino wenyewe kwa wenyewe. Juu ya hayo kuna 'kita': mwenzetu wa Cebu anaitumia kama 'sisi', lakini kila mtu anajua 'mahal kita' ni 'nakupenda'. Nishike lipi? Na mbona lugha inabagua watu hivi?"

Marahaba, dada yangu. Pole, na usiumie zaidi ya inavyostahili, kwa sababu hukumtukana mtu. Sentensi yako ilikuwa safi kisarufi, hata maneno uliyapanga kama mwenyeji. Shida ni kwamba ilisema jambo jingine. "Kakain na kami" ni taarifa: sisi, nyinyi hamumo, tunakwenda kula sasa hivi. Wenzako walidhani una watu wengine wa kula nao. Yule aliyesema "sige", yaani "haya", aliipokea taarifa yako na kurudi kwenye mashuka. Hakukataa mwaliko wako, maana mwaliko hakuusikia.

Niyaondoe kwanza hayo uliyoambiwa, kwa kuwa ukiyashika yatakupotosha kila siku. Idadi ya watu haihusiki kabisa. Kami inaweza kuwa ya watu wawili au ya taifa zima, na tayo vivyo hivyo. Kabila na uraia havihusiki pia: wewe Mswahili ukiwa na Mfilipino mmoja mnaelekea dukani, nyinyi ni tayo mnapozungumza wenyewe. Jambo moja tu ndilo linaloamua, nalo ni yule unayemwambia. Akiwa ndani ya hiyo "sisi" unayoitaja, sema tayo. Akiwa nje, sema kami. Walio kando, wasiosemeshwa, hawabadilishi kitu, hata wakiwa wamesimama hapo hapo.

Chukua mfano wa kwetu uone pengo lenyewe. Jirani anakuja anakwambia, "Tumealikwa harusini Jumamosi." Je, nawe umealikwa? Kiswahili hakijakwambia. Pengine anazungumzia yeye na mumewe, pengine anakuletea habari yako pia. Utamwuliza, "Tumealikwa nani na nani?" au utangoja mazungumzo yafafanue. Mfilipino hapati nafasi ya kuuliza hivyo. Akisikia "Inimbita kami sa kasal", ameelewa kwamba wenzake wamealikwa na yeye hayumo. Akisikia "Inimbita tayo sa kasal", aanze kutafuta nguo. Hakuna neno la tatu la katikati ambalo msemaji angeweza kulikimbilia akitaka kuliacha jambo wazi. Kila anaposema "sisi", sarufi inamlazimisha atangaze kama msikilizaji yumo au hayumo, na hana namna ya kukwepa.

Wataalamu wa sarufi huziita hizi sisi ya kujumuisha na sisi ya kutenga. Jina hilo la "kutenga" ndilo linalowatia watu hofu bure. Hapa ni hesabu ya watu tu, nani amehesabiwa na nani hakuhesabiwa. Ukimsimulia rafiki yako kwamba jana ulikwenda sokoni na binamu yako, utasema "Nagpunta kami sa souq kahapon", na hakuna ubaya wowote, kwa sababu yeye hakuwepo. Ungesema tayo angeshtuka, aanze kujiuliza alikwenda lini.

Sasa tuingie pale panapowatatiza wanafunzi wengi, hata waliokwisha kuielewa kanuni. Kundi la watu linaweza kubaki lile lile na kiwakilishi kikabadilika, kwa sababu umegeuza uso. Chukua wewe na wenzako wawili katika chumba cha mashuka. Mnazungumza wenyewe, unasema "Tapos na tayo", tumemaliza. Mlango unafunguka, anaingia msimamizi, anauliza kazi imefikia wapi. Unamgeukia: "Tapos na po kami." Ni watu wale wale watatu na kazi ile ile, lakini sasa maneno yanakwenda kwa mtu ambaye hakukunja hata shuka moja. Akitoka tu, mnarudi kwenye tayo. (Hiyo "po" ni ya heshima, usiisahau kwa mkubwa. Na yule dada rafiki yako, kama amekuzidi umri, mwite "Ate" kabla ya jina lake, kama unavyomwita mtu "dada" huku nyumbani.)

Mahali pazuri kuliko pote pa kusikia mgeuko huu ni kanisani, na Wafilipino wengi ni Wakatoliki, kwa hiyo utaupata hata huko Doha. Kiswahili kinasema "Baba yetu uliye mbinguni", na "yetu" hiyo haisemi lolote kuhusu msikilizaji. Kwa Kifilipino sala hiyo inaanza "Ama namin". Namin ni ya jamii ya kami, na inabidi iwe hivyo, kwa sababu anayeambiwa ni Mungu, naye si mmoja wa watoto wanaoomba. Padri akisema "Ama natin" akiwa anaomba, atakuwa amemfanya Mungu kuwa na Baba wa pamoja na waumini. Lakini mwanzoni mwa misa, baada ya maungamo, padri husema "Kaawaan tayo ng makapangyarihang Diyos", Mungu Mwenyezi atuhurumie. Hapo ni tayo, kwani anawaambia waumini, na wote wamo, yeye pia. Muda mfupi baadaye wanamgeukia Bwana mwenyewe wakiomba huruma, na kiwakilishi kinageuka nao kuwa kami. Wamisionari wa Kihispania walilazimika kulielewa jambo hili mapema mno, kwa sababu Kihispania, kama Kiswahili, kina "sisi" moja tu. Kitabu cha mafundisho ya dini kilichochapwa Manila mwaka 1593 kwa Kihispania na Kitagalog (lugha iliyo msingi wa Kifilipino), Doctrina Christiana, kina sala hiyo ya Baba Yetu, na tayari ni "Ama namin".

Nje ya kanisa sheria ni hiyo hiyo. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987 inaanza "Kami, ang nakapangyayaring sambayanang Pilipino": sisi, wananchi wa Ufilipino wenye mamlaka. Mtu anaweza kushangaa kwamba hati ya taifa zima imeandikwa kwa sisi ya kutenga. Mimi naiona ina mantiki: wananchi wamesimama kama kundi moja, wanatamka mbele ya Mungu na mbele ya yeyote anayesoma. Waindonesia, ambao lugha yao ni ndugu, walifanya vivyo hivyo tarehe 17 Agosti 1945 walipotangaza uhuru kwa maneno "Kami bangsa Indonesia". Tangazo lilielekezwa kwa ulimwengu, na ulimwengu haukuwa sehemu ya hiyo sisi.

Neno hili kami ni la kale sana. Limo katika Kifilipino, Kimalei na Kiindonesia, na utengano wenyewe umeenea katika familia nzima ya lugha za Kiaustronesia, kutoka visiwa vya Pasifiki hadi Madagaska. Wamalagasi, ambao mababu zao walivuka Bahari ya Hindi wakitokea upande wa Borneo, wanasema "isika" kwa sisi pamoja nawe na "izahay" kwa sisi bila wewe. Kwa hiyo mpangilio huu umefika hadi jirani na pwani yetu: Mayotte, kando kando ya Shimaore ambayo ni ndugu wa Kiswahili, kuna watu wanaosema Kibushi, ambacho ni Kimalagasi. Jirani mwingine ni Msomali. Lugha yake haina undugu wowote na Kifilipino, lakini naye ana "innaga" ya pamoja nawe na "annaga" ya bila wewe. Ukiwa na rafiki Msomali hapo kazini, mwulize. Atakuelewesha kwa dakika moja kuliko mimi kwa kurasa hizi.

Hata Kiswahili si kipofu kabisa. Tunamwambia mtu mmoja "twende", na wakiwa wengi tunasema "twendeni". Hiyo -ni inawahesabu wanaoambiwa, na wote wamo kwenye safari. Kwa upande mwingine, "tupe maji" au "tusaidie" haziwezi kumjumuisha anayeambiwa, kwani yeye ndiye anayetakiwa kutoa. Ina maana hesabu hii unaifanya tayari kila siku bila kujijua, na ndiyo maana nakushauri uanzie hapo hapo. Popote ambapo Kiswahili kingekutaka useme "twende", "tule", "tupumzike" kwa maana ya kumwita mwenzio, tumia tayo: "Kain tayo", "Pahinga muna tayo". Popote unapoomba upewe au usaidiwe, tumia kami na ndugu zake: "Tulungan mo kami", tusaidie; "Ibigay mo sa amin ang susi", tupe ufunguo. Ukizishika hizo pembe mbili mpaka zitoke mdomoni bila kufikiri, yaliyobaki katikati, yaani kusimulia na kueleza, yatakuja yenyewe taratibu.

Nimesema "ndugu zake" kwa sababu kami na tayo hubadilika umbo kulingana na kazi katika sentensi, na hapo kamusi za simu hukwama. Sisi ya kutenga ni kami, namin, amin. Ya kujumuisha ni tayo, natin, atin. Tazama herufi: zote za kutenga zina m, zote za kujumuisha zina t. Ukisikia m, msikilizaji hayumo. Ukisikia t, tuko pamoja. Katika kazi yako utakutana na sura hizi kila saa. "Naglinis kami ng kuwarto" na "Nilinis namin ang kuwarto" zote ni "tulisafisha chumba", ila ya kwanza inamtazama mtendaji na ya pili inakitazama chumba, na kitenzi kinapobadilika hivyo kami hugeuka namin. Namin na natin ndizo pia zinazofuata nomino kuonyesha mwenye mali: "bahay namin" ni nyumba yetu ambayo si yako, "bahay natin" ni nyumba yetu sote, wewe ukiwemo. Ukitaka kuitanguliza, ni "aming bahay" na "ating bahay". Na "sa amin" utaisikia sana Wafilipino wakikumbuka makwao, kwa maana ya "kwetu". Hata sisi tunapomwambia mgeni "karibu kwetu" hatumhesabu yeye katika hiyo kwetu, kwa hiyo hapo mioyo ya lugha zote mbili iko mahali pamoja.

Jambo moja dogo kwa sikio lako: tayo ya "sisi" hukazwa silabi ya kwanza, TAyo. Ukikaza ya mwisho na kuikata ghafla kooni, umesema neno la kusimama.

Nije kwenye kita, maana hapo umechanganyikiwa kwa haki. Katika Kifilipino cha leo, ambacho msingi wake ni Kitagalog, kita ni watu wawili ndani ya neno moja: mimi ninayetenda na wewe unayetendewa. Ni kazi ile ile inayofanywa na "ni" na "ku" katika "nitakusaidia". Ndiyo maana "mahal kita" ni nakupenda, "tutulungan kita" ni nitakusaidia, na "nakita kita kahapon" ni nilikuona jana. Lakini zamani katika Kitagalog neno hilo lilikuwa sisi ya watu wawili tu, mimi na wewe, bila wa tatu. Lugha nyingine za Ufilipino bado zimeutunza uwili huo. Kiilokano cha kaskazini mwa Luzon, kwa mfano, kinatofautisha -ta ya wawili na -tayo ya wengi. Kisebuano, lugha ya Cebu, kimekwenda njia yake: huko kita ndiyo sisi ya kujumuisha, sawasawa na tayo, na mara nyingi hufupishwa kuwa "ta", kama katika "Kaon ta", twende tukale. Basi mwenzako wa Cebu hakosei, anasema lugha nyingine. Kwa sasa shika tayo, Wafilipino wa pande zote watakuelewa, na kita iache kwa "nakupenda" na wenzake. Ukizichanganya unaweza kumwambia mtu jambo ambalo hukukusudia.

Uliuliza kwa nini lugha inabagua. Ningependa uitazame kwa upande wa pili. Lugha inayojua kumweka mtu nje inajua vilevile kumkaribisha ndani kwa silabi mbili. Mfilipino anayekula akipitiwa na mtu husema "Kain tayo!" hata kama hana chakula cha kutosha, kama ambavyo sisi hatuwezi kula mbele ya mtu bila kusema karibu. Si lazima ukae. Unajibu "Busog pa po ako, salamat", bado nimeshiba, ahsante. Wauguzi humwambia mgonjwa "Iinom na tayo ng gamot", sasa tunywe dawa, ingawa anayekunywa ni mgonjwa peke yake, kama daktari wa kwetu anavyouliza "tunaendeleaje leo?" Vijana wamelifanya tayo kuwa jina la uhusiano: "walang tayo" maana yake hakuna "sisi" baina yetu, hatuna mapenzi. Na mkwe aliyezoea kuwaambia wageni "bahay namin", siku akimwambia mke wa mwanawe "bahay natin", amemfungulia mlango. Sikiliza vizuri wenzako wanapozungumza nawe. Nina hakika umekwisha kuitwa tayo mara nyingi bila kutambua, maana kwa jinsi unavyoeleza, watu hawa wanakupenda.

Kuhusu namna ya kujifunza, nitakuwa mkweli. Programu za simu zinafaa kwa msamiati, lakini kwa jambo hili ni dhaifu, kwa sababu unapoandika "sisi" au "tu-" programu haijui unamwambia nani, hivyo inabahatisha. Vitabu vya sarufi vinaeleza vizuri ila havikugeuzi uso kutoka kwa msimamizi kwenda kwa rafiki, na humo ndimo ustadi wenyewe ulimo. Kinachofaa zaidi ni mtu. Mwombe yule rafiki yako akusahihishe papo hapo kila unapoteleza, hata kwa kukunong'oneza neno moja tu. Ukisimulia jambo, kabla hujasema "sisi", jiulize: huyu ninayemwambia yumo? Mwanzoni utasita kidogo kabla ya kila sentensi. Sita, wala usione haya. Wafilipino ni wavumilivu sana kwa mgeni anayejaribu lugha yao, na kusita kunawaonyesha unajali.

Usiogope kukosea katika mazungumzo ya kawaida. Ukigundua umeteleza, rekebisha hapo hapo: "Pasensya na, ang ibig kong sabihin, tayo." Samahani, nilimaanisha tayo. Kwa wenzako watatu waliobaki na mashuka, sentensi hiyo inatosha, na huna haja ya kueleza zaidi.

Lakini kuna mahali ambapo sitaki ujitegemee, wala usimtegemee rafiki mwenye nia njema. Ikiwa utatakiwa kutoa maelezo ya tukio kazini au polisi, na maelezo hayo yatatafsiriwa kwenda au kutoka Kifilipino, omba mfasiri aliyethibitishwa na umwambie waziwazi "sisi" yako ina nani na nani. Kiarabu na Kiingereza navyo vina sisi moja, kwa hiyo atakayetafsiri "tuliingia chumbani" atalazimika kuchagua mwenyewe kati ya kami na tayo, na akichagua vibaya anaweza kumwingiza chumbani mtu ambaye hakuwepo, au kumtoa aliyekuwepo. Njia salama ni kutaja majina badala ya kusema sisi. Na uangalie jinsi yanavyoungwa: Kiswahili kinaruhusu "tulikwenda na Ana" kumaanisha mimi na Ana, na Kifilipino nacho kinasema "kami ni Ana" kwa maana hiyo hiyo, watu wawili tu. Mfasiri asiye makini huisoma kuwa watu watatu au zaidi. Vivyo hivyo kwa mkataba wa nyumba au wa biashara ndogo na wenzako: mkiandika "atin", mali ni ya nyote mnaosoma na kutia sahihi, mkiandika "amin", kuna mtu mezani ambaye hayumo. Isomeni pamoja na mtu anayejua sheria na lugha zote mbili kabla kalamu haijagusa karatasi.